Kamera ya Korido

Jumatatu, 7 Julai

Nafungua programu tatu za kamera kabla ya chai. Moja ya geti, moja ya nyuma na jikoni, moja ya sebule. Kila kampuni na yake, kila moja na nywila yake. Leo nimeongeza kamera ya tano, ya korido, niliyonunua madukani barabara ya Luthuli kwa bei ya kutupa. Nimechoka! Nataka programu moja kwenye kompyuta, ione zote na kurekodi.

Fundi alikuja na maneno mengi. Anasifu programu ya kulipia kila mwaka. Inakubali kamera za kila aina, na inazilazimisha zote zifuate saa ya kompyuta. Nikamwuliza, ya bure ipo? Ipo, lakini kamera nne tu, na kila kamera inabaki na saa yake. Basi hiyo. Nimemfukuza kabla hajamaliza chai ya Nekesa.

Jumanne, 8 Julai

Nimeiweka mwenyewe. Mjane aliyejenga nyumba kumi na mbili za kupangisha hapa Kinoo hashindwi na kamera. Ya sebuleni nimeiacha nje. Huko nakaa mimi tu. Ya korido ikaniuliza saa. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi jioni. Nikaandika 10:10. Ikakubali.

Nikamwita Nekesa aone. Miaka kumi na moja ananifulia na kunipikia. Nikamwambia sasa nakuona hata ukikohoa. Akacheka. Sikupenda kicheko chake.

Jumapili, 13 Julai

Herini za mama hazipo. Za dhahabu, kitu pekee alichoniachia. Nilitaka kuzivaa kanisani. Droo tupu, kisanduku chenyewe kimeenda. Ijumaa nilikiona kwa macho yangu.

Jana nilikuwa mjini, mkutano wa akina mama, tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Wambui, binti yangu, alipitia kutoka Kitisuru nikiwa sipo, akaniachia parachichi. Mwingine ndani ni Nekesa. Mwanangu simhesabu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimempata! Korido, Jumamosi, 10:25. Nekesa anatoka chumbani kwangu, kitu kimekunjwa kwapani. Saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, mimi niko mjini. Rekodi za usiku sikuzigusa, usiku nani atembee? Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamwonyesha. "Mama, si hiyo ni shali yako? Ulinituma jioni ukisikia baridi." Kumtuma nilimtuma, lakini jioni. Hii ni asubuhi. Njia ya mwongo ni fupi.

Nikamwambia amwage mkoba wake pale veranda, wapangaji wakitazama. Nguo za ndani, Biblia, picha ya mtoto wake aliye Bungoma. Herini hakuna. Ameshauza, bila shaka. Alilia. Nilifurahi kumwona akilia. Naandika hivyo kwa sababu hapa sina wa kumdanganya. Manyunyu yalikuwa yakishuka. Nikamtoa, nikafunga geti.

Jumanne, 15 Julai

Ameomba barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mwingine. Barua! Kwenda huko! Nimetuma picha yake kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa: huyu ni mwizi, msimwandike kazi. Mama mmoja wa mtaa wa Karen alikuwa karibu kumchukua. Amenishukuru. Siku za mwizi ni arobaini.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikuwa nafuta rekodi za zamani nipate nafasi. Korido, Jumamosi ile, 04:30. Saa kumi na nusu alfajiri. Na jua limejaa ukutani.

Nikarudisha nyuma. Jua lile lile. Kisha Wambui anatoka chumbani kwangu, miwani juu ya kichwa, kisanduku cha mama mkononi.

Nikaangalia simu: 14:06. Kamera: 08:06. Saa sita nyuma. Ni mimi. Saa kumi jioni niliandika 10, kama tunavyohesabu sisi, na mashine ikaelewa ni saa nne asubuhi. Nilipaswa kuandika 16. Kumbe Nekesa alikuwa ametoka na shali jioni kweli, nami nikimngoja sebuleni. Kamera ya sebule ingemwonyesha akinifunika mabega. Ndiyo niliyoiacha nje.

Nimezima kompyuta.

Jumapili, 20 Julai

Nimempigia Wambui. "Ai, mum, si niliziazima tu nivae harusini? Zitarudi." Nikamweleza ya Nekesa. Akasema wasichana wa kazi wako wengi. Nikaanza kumtukana, nikanyamaza katikati. Maneno yale ameyatoa kwangu.

Nikisema kweli kikundini, itabidi nimtaje mwanangu, na mwenyekiti wa akina mama ni mimi. Nimekaa kanisani nikaimba. Mimi ni mtu mbaya na bado sisemi.

Jumatano, 23 Julai

Herini zimerudi, zimefungwa kwa tishu. Sijazivaa.

Alhamisi, 24 Julai

Ujumbe kutoka kwa Nekesa. Hadai kazi. Anaomba tu nitoe ile picha, wa Karen amemkataa na mwingine pia. Mwisho anauliza kama kile kifua changu kimepata nafuu na baridi hii.

Sijajibu.

Nimerekebisha saa ya korido. Ni kazi ya dakika mbili. Jioni baridi ikaingia, nikaita jina lake kabla sijakumbuka. Nikaenda kuchukua shali mwenyewe.

Baadaye nimefungua rekodi, nione kama saa imekaa sawa. Imekaa sawa. 16:25. Mwanamke mzee anatoka chumbani, kitu kimekunjwa kwapani.