Ukurasa wa Biblia Uliotumwa kwa Faksi

Holmes County, Ohio
Jumamosi, 12 Oktoba

Kwa kaka yangu mpendwa Mahlon,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na huyo mtoto ambaye nasikia tu kwamba yupo. Sisi hatujambo. Atlee alikuwa na kikohozi, lakini nilimpaka mafuta ya kafuri kifuani na sasa anakula kama kawaida yake, yaani anamaliza chake halafu anatazama changu. Mahindi bado yako shambani. Yule farasi wako Duke alikufa mwezi wa nane, kwa uzee tu. Najua miaka tisa bila barua si kitu kidogo, na utajiuliza leo kumekuchaje hata Verna ashike kalamu. Kuna jambo limetokea jana mezani kwetu, na tangu hapo sijatulia.

Baba alipofariki mwezi wa Aprili, Atlee akabaki mikononi mwangu. Ana miaka ishirini, lakini vifungo vya shati namfunga mimi, na nyama namkatia mimi. Kwenye karatasi za kodi niliandika kwamba ni mdogo wangu na kwamba mimi ndiye ninayemtunza. Mwezi uliopita ikaja barua ya serikali, ya adabu kabisa, ikitaka nithibitishe kwamba tumezaliwa na wazazi wale wale, nijaze na fomu ya majina ya watoto wao wote. Mwisho ulikuwa jana Ijumaa, saa sita mchana, la sivyo Atlee angeondolewa kwenye karatasi zangu. Kodi ingepanda, sikatai, lakini ningeuza ng'ombe mmoja maisha yakaendelea. Kilichoniuma ni kwamba mbele ya serikali Atlee angekuwa mtu asiye na mtu.

Unajua alizaliwa hapa hapa nyumbani, na mkunga naye alishakufa. Ushahidi pekee nilionao ni ule ukurasa wa mwanzo wa Biblia ambapo Mama alituandika kwa penseli. Niliogopa kuufungua, na sababu nitakuambia, basi nikawa nasema kesho, kesho, mpaka posta isingeweza kuwahi tena. Mashine ya faksi ya kiwanda cha mbao nayo ikawa mbovu. Jana asubuhi nikamwita Darlene, yule mama wa nje ya kanisa letu anayetupeleka hospitali kwa gari lake, nikamwomba anipeleke mjini kutafuta faksi. Akaniambia nirudi nikae, faksi anayo mfukoni.

Nilidhani ananitania. Akasogeza sahani ya pai, akatoa simu yake janja, akaiweka mezani. Nikamuuliza karatasi inaingizwa wapi, kwa maana nilikuwa nimeshaikunja fomu mara nne ili ienee. Darlene alicheka mpaka akavua miwani. Akasema amewahi kuona mengi katika nyumba zetu, lakini mtu wa kutaka kuilisha simu karatasi, hapana. Atlee hakucheka. Yeye alikuwa ameshaingia chini ya meza kuangalia itatokea upande gani.

Ikawa kazi ni kuzipiga picha zile karatasi. Kwenye Biblia ilibidi niushike ukurasa ulale, kidole gumba changu kikaingia kwenye picha. Unajua sisi na picha, kanisa halitaki hata kidole kionekane. Nikamwomba apige nyingine, safari hii nikaubana ukurasa kwa kisu cha siagi.

Mahlon, nisikilize hapa. Darlene aligusa kioo, na ule ukurasa wa manjano ukawa mweupe kama shuka iliyoanikwa. Maandishi ya Mama yaliyofifia yakakoza, yakawa meusi kama ameyaandika asubuhi ile. Atlee, hilo hapo. Verna, hilo hapo. Na juu ya Verna, pale penye nafasi tupu unayoijua, pakatokea jina. Mahlon. Na tarehe yako, na ile M ya Mama yenye mkia.

Darlene akatazama fomu, akatazama simu. "Verna, hapa nawaona watoto watatu," akasema. "Wewe umeandika wawili. Huyu Mahlon ni nani?"

Niliitazama Biblia, hamna kitu. Niliitazama simu, upo. Nilitoka nje nikashika nguzo ya kibaraza, na sioni aibu kukuambia kwamba niliogopa kama mtu aliyeitwa kwa jina shambani na haoni aliyemwita. Darlene alinifuata akanieleza kwamba hakuna muujiza, simu inang'arisha karatasi na kukoleza chochote kilichoandikwa, hata alama ndogo ambayo jicho haliioni. Nilimwamini. Lakini kuelezwa hakukuniondolea ile hofu.

Tuliporudi ndani tulimkuta Atlee ameinamia simu. Anasoma polepole, lakini majina anayasoma. Akasema, "Huyu ni Mahlon wetu." Miaka kumi na miwili hatujalitaja jina lako mbele yake.

Basi nikaivuta ile fomu, nikachukua kalamu ya wino, na juu ya jina langu nikaandika: Mahlon Hershberger, mtoto wa kwanza, yu hai. Darlene akaipiga picha upya, akaniambia nibonyeze mwenyewe. Nikabonyeza. Mashemasi wa kanisa wakiniuliza kama nimegusa simu, nitawaambia nimebonyeza. Ukurasa wa kwanza ukaenda, wa pili, wa tatu, kisha likatokea neno kwamba zimepokelewa zote. Ilikuwa bado dakika kumi kufika saa sita mchana. Karatasi zilikuwa hapo hapo mezani, hazijasogea hata kidogo, na wakati huo huo zimeshafika mji ambao sijawahi kuukanyaga. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, Darlene akaitikia.

Sasa nikuambie nilichoogopa. Miaka tisa iliyopita, ulipokuja kututembelea, ulifungua Biblia kando ya jiko, ukaona nafasi tupu, ukamuuliza Baba, "Umenifuta?" Baba akainamia sahani yake. Ukachukua kofia ukaondoka na kahawa yako haijapoa, na hukurudi, hata kumzika. Si Baba aliyekufuta, Mahlon. Ni mimi.

Uliniahidi kwamba siku ukiamua kuondoka utaniambia mimi kwanza. Asubuhi ile nilikuta kitanda chako kimetandikwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hasira za kunitosha mwaka mzima. Nikachukua kifutio, nikafuta mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya, nikapuliza vumbi lake. Baba aligundua Jumapili tulipokaa kusoma. Hakunigombeza. Jumatatu nikakuta amechonga penseli kwa kisu, ameilaza kwenye ukurasa ule. Na siku ile ulipomuuliza, angeweza kunionyesha kwa kidole, hakufanya hivyo. Ulipokwisha kupotea barabarani aliniambia neno moja tu, "Penseli iko palepale, Verna." Niliona haya. Kisha nikaona haya kwa kuchelewa, na haya hiyo ikanila mpaka Baba akafa akiwa amebeba kosa langu.

Nakuomba msamaha. Sikuombi urudi kanisani, hayo ni yako. Nataka tu ujue kwamba baba yako hakukufuta hata siku moja.

Biblia iko mezani, imefunguliwa, penseli ndani yake. Sijaandika kitu. Niambie kama niandike mimi, au utakuja kuandika mwenyewe.

Nisalimie wifi, na mtoto unibusie. Atlee anakusalimu sana, na leo asubuhi Darlene alipopita alimwomba simu aone kama bado umo. Darlene ametuchapishia ile picha ya kwanza, iliyoingia kidole, baada ya kuing'arisha nayo, nami nimeiweka ndani ya bahasha hii. Jina lako linasomeka vizuri. Kidole kilicho kando yake ni changu, ndicho kilichoshika kifutio.

Ni mimi dadako anayekupenda,
Verna