Kipimo Kilichofundishwa Kudanganya

Jumanne. Mawingu mazito juu ya ziwa, upepo hakuna. Nina hasira, na leo sikuitafuta.

Asubuhi nilikwenda kununua vichwa vya sangara kwenye kiwanda kimoja cha samaki huku Ilemela. Mdogo wangu Masalu ni kibarua pale. Nilimkuta kavaa mabuti, anajiandaa kushuka kusafisha shimo la maji machafu. Harufu ya shimo hilo ilinipokea getini.

Msimamizi alining'iniza kipimo cha oksijeni mdomoni mwa shimo, akakiwasha hapo hapo, akabonyeza kitufe. Kikasoma asilimia ishirini nukta tisa. Hewa safi kabisa, eti.

Mimi siamini namba inayokuja kirahisi hivyo.

Nikamuuliza kitufe kile ni cha nini.

"Cha kukirekebisha, dada. Kinajua hii ndiyo hewa ya kawaida."

Na kwa nini anakirekebishia shimoni? Akacheka. "Tukikiwashia nje, tukifika hapa kinalialia tu, kazi inalala."

Kumbe! Hewa inayotiliwa shaka ndiyo hiyo hiyo inayofanywa kipimo cha usafi. Kifaa hakina pua. Ukikifundisha kwamba uozo ndiyo kawaida, kitakubaliana nawe mpaka mtu afe.

"Kabonyeze hicho kitufe kule ufukweni kwanza," nikamwambia.

"Hapa siyo kwenye makala zako za gazetini, dada."

"Na anayeshuka siyo ndugu yako."

Masalu alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. "Dada, unanitia aibu mbele ya watu." Nikamshika mkanda wa suruali, sikuachia.

Msimamizi akaenda akinung'unika, akakirekebisha kando ya ziwa, mbali na shimo. Akarudi, akakishusha kwa kamba. Kikaanza kulia kabla hakijafika katikati. Asilimia kumi na saba.

Masalu akatoa mguu.

Wameahidi kuleta feni ya kupuliza hewa shimoni, na kukirekebisha kipimo nje kila mara. Wameahidi haraka mno. Siwaamini.

Vichwa vya sangara bado viko kwenye beseni, sijaviosha. Nawaza kichwa cha Masalu, kinachomuuma kila akitoka kwenye shimo lile, nasi tunamnunulia dawa za malaria. Malaria gani hiyo inayosubiri siku ya usafi?

Kesho nitakuwa getini kabla yake.