Ukurasa Unasema "Tayari" na Mzigo Haupo

Mpendwa Bi Hyasinta, naomba ushauri wako ila usinitulize, nimeshatulizwa vya kutosha, na jina langu liandike wazi, bosi akisoma na asome. Mimi ndiye niliyetengeneza ukurasa wa mtandaoni wa duka letu la vitenge vya jumla hapa Kariakoo, na unajua duka la Kariakoo halisemi "hakuna", ukiuliza kitu unaambiwa "ipo, kaa kidogo" huku mtu anachomoka kwenda kukitafuta stoo au kwa jirani, basi bosi wangu, Mzee Shashikant, akataka ukurasa nao uwe hivyo hivyo, mteja akibonyeza "Agiza" aone "Tayari" papo hapo, hata kabla kompyuta yenye hesabu ya stoo haijajibu kama mzigo upo, nami nikaandika hivyo, na jibu likija baadaye kwamba hakuna, ukurasa unakaa kimya na "Tayari" inabaki pale pale.

Sasa Severa, mshonaji wa Masasi, aliagiza kitenge cha sare ya harusi, akaona "Tayari", akakataa kitenge alichowekewa na duka jingine, na kumbe jora letu la mwisho lilikuwa limeshachukuliwa. Anapiga simu kila siku, na bosi ananiambia, "Mwambie mtandao ulisumbua." Nimegoma. Mtandao haukusumbua, jibu lilifika vizuri kabisa, ni ukurasa wetu ambao haukulisikiliza.

Nikaubadilisha bila kuomba ruhusa, sasa ukibonyeza unaona "Tunaulizia stoo", bosi akawaka mbele ya wateja: "Wewe binti, watu wa nchi hii walipanga foleni ya sabuni ya mgao kwenye duka la kaya mpaka wakachoka! Soko huria limekuja ili mtu asiambiwe subiri, wewe unanirudishia foleni dukani kwangu?" Amesema Jumatatu nirudishe "Tayari" au nisije kazini. Sirudishi. Namheshimu yule mzee, ndiye aliyenipa kazi wengine walipotaka mwanamume, na ndiyo maana naumia, lakini sirudishi ng'o. Je, niondoke mwenyewe kabla hajanifukuza?

Zulekha, Mchafukoge

*

Zulekha, nani amekuambia uondoke? Kaa hapo hapo. Kwenye hilo la kusingizia mtandao uko sahihi, usilegeze hata kidogo. Lakini usijifanye umeonewa kila mahali. Bosi aliomba haraka. Kukaa kimya jibu likija ni wewe uliyeandika. Yule wa "ipo, kaa kidogo" akikosa kwa jirani hurudi akasema, "Dada samahani, imeisha, kuna hii nyingine." Wewe ulichukua nusu ya desturi, nusu ya pili ukaiacha, na mteja akabaki amekaa.

Nimemuuliza Eliakimu, anayetunza tovuti ya gazeti hili, akacheka mpaka nikakasirika. Anasema kosa hilo analijua sana. Fanya hivi: mteja akibonyeza, aone papo hapo kwamba ombi limepokelewa, hapo bosi amepata haraka yake. Kitufe kifunge mpaka jibu lije, la sivyo mwenye wasiwasi atabonyeza mara tatu na utampelekea mizigo mitatu. "Tayari" itoke stoo ikishasema ndiyo, basi. Ikisema hapana, ukurasa urudi ulivyokuwa kabla hajabonyeza, useme kimeisha na uonyeshe kinachofanana nacho. Jibu lisipokuja kabisa, sema hujui. Na mteja akibadilisha rangi kabla jibu la rangi ya kwanza halijafika, hilo la kwanza likija litupe, lisije likafuta la pili.

Jumatatu wahi, mpe bosi simu yako, aagize kwenye nakala ya ukurasa wa zamani kitu unachojua kimeisha. Akiona "Tayari", mwache aende stoo mwenyewe akakichukue. Halafu mwonyeshe mpya. Akikufukuza baada ya hapo, shauri yake, mji huu una maduka.

Ila Severa hawezi kungoja Jumatatu. Mpigie leo, kabla hujakunja gazeti hili. Mwambie kitenge hakipo, na kwamba ukurasa ulioandika wewe ulimdanganya. Atakutukana. Pokea. Akinyamaza, muulize harusi ni lini na sare ni ya watu wangapi, kisha uingie mtaani ukamtafutie.