Jina la Oyoo kwenye Tovuti ya Kanyadero

Kirumba, Mwanza
11 Agosti 2025

Mdogo wangu mpendwa Awuor,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitamka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepata nafuu kwa ile dawa ya kuchua niliyokutumia wakati wa Pasaka. Mihogo ya upande wa ziwa imestawi? Na yule fahali mkorofi, bado anabomoa zizi la jirani? Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya umri wetu. Jicho langu la kulia linaona ukungu asubuhi, likifika saa nne linatulia. Teodora anakusalimu, na anasema mtama uliomwahidi bado anausubiri.

Utajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu ninayo. Kwenye simu mimi na wewe huishia kupigiana kelele kwa sababu ya sikio lako, na jambo hili siwezi kulipigia kelele. Tena kwenye simu ningekata kabla ya kufika penyewe. Linamhusu kaka yetu Oyoo. Mwishoni nitakuomba jibu, na jibu hilo linahitajika kabla ya Jumamosi tarehe 23. Nakuomba usirukie mwisho. Soma kwa mpangilio ninaoandika, maana nikiparaganya nitajikuta ninajitetea.

Mengine unayajua, lakini nataka yawe yameandikwa mahali pamoja. Mwaka jana mwezi Januari, kwenye msiba wa binamu yetu Odeta kule Nyakato, wajukuu walikaa wakaulizana Kanyadero ni wapi. Mmoja akatafuta kwenye simu, hakukuta kitu, akawaambia wenzake kwamba basi hapo mahali hapapo. Hakuna aliyembishia. Nilirudi nyumbani nimeumia. Mwaka 1974 tulihamishwa kutoka pale pwani ya ziwa kwenda kijiji cha mpango, tukaacha makaburi na nyumba zetu, na miaka hamsini baadaye mtoto anasema hapapo. Wewe ndiye uliyerudi kuishi pale watu walipoanza kurudi. Mimi nilibaki Mwanza. Nikaona angalau nitengeneze tovuti yenye majina yetu, yaani waliozaliwa pale, waliozikwa pale na waliotawanyika, ili anayetafuta apate pa kuanzia.

Nilikwenda Mirongo kwa Winnie, yule mama mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Nilimwambia sijui hata tovuti inaanzia wapi. Akacheka, akasema wengi wanaokuja kwake hujifanya wanajua, kwa hiyo mimi nimeshamwokolea saa nzima. Kabla ya kuwasha kompyuta aliniuliza maswali matatu. Je, nitaiandika mwenyewe au nitamtegemea mtu? Watakaoisoma watatumia nini? Na nina kadi ya benki ya kulipia vitu mtandaoni? Nikajibu kwamba nitaandika mwenyewe, watasoma kwa simu, na kadi sina. Akasema basi nusu ya vifaa vilivyoko duniani tumeshaviondoa.

Alinionyesha vitatu. Cha kwanza ndicho kinachotumiwa na magazeti. Kina uwezo wote, lakini lazima ukodi nafasi ya kukiweka, ukisimike, na kila baada ya muda ukifanyie masahihisho, la sivyo wahuni wanaingia. Winnie akasema, “Babu, hiki ni kama kumnunulia injini ya meli mtu anayetaka kuvuka mfereji.” Cha pili unaburuta vitu kwa kidole, picha hapa, maandishi pale. Nilikipenda kwa uzuri wake. Tukajaribu ukurasa mmoja, wa mama. Kwenye kompyuta ulipendeza. Kwenye simu yangu picha ya mama iliruka ikakaa juu ya jina lake, na bando likaisha kabla ukurasa haujafunguka wote. Cha tatu kilikuwa kama daftari. Visanduku vichache, unaandika, unabonyeza, imekwisha. Ni cha bure, ila jina la tovuti linakuwa na mkia mrefu wa jina la kampuni. Winnie alinishauri nichague kile nitakachoweza kukirekebisha mwenyewe siku yeye akiwa hayupo. Nikachukua cha tatu, na hadi leo naona ushauri ule ulikuwa sahihi. Ubaya haukuwa kwenye kifaa.

Kiolezo tulichopata kilikuwa cha nyumba ya wageni. Mahali pa “Vyumba Vyetu” nikaandika “Koo Zetu”. Palipoandikwa “Wahudumu Wetu” nikaweka majina ya wazee, na Winnie akacheka mpaka mteja wake akauliza kuna nini. Chini kabisa palikuwa na fomu ya kuandikiwa ujumbe. Alinifungulia barua pepe, akaniandikia neno la siri kwenye kipande cha karatasi, akaniambia ujumbe utaingia mle. Mimi wakati ule nilikuwa ninahamisha mkato uliokaa vibaya. Nilisema sawa, nikaiweka karatasi kwenye kasha la miwani.

Kwa majina kulikuwa na jedwali. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufariki. Ulinipigia simu siku ile, ukaniambia waziwazi kwamba Oyoo nisimwandike kati ya waliokufa. Ulisema mama hakumwota hata siku moja, na wafu wa nyumba yetu huja ndotoni. Nilikuambia nimekusikia. Kisha nikakaa mbele ya ile nafasi tupu. Miaka thelathini na moja nilisahihisha prufu kwenye kiwanda cha uchapaji, na jicho langu halivumilii nafasi tupu kwenye jedwali. Nikaandika: Oyoo, amezaliwa 1947, amefariki 1973, amezikwa Kanyadero Agosti 1974. Nikabonyeza. Nilijiambia ninaandika kilichotokea. Mtumbwi ulipinduka na wenzake wawili walipatikana wamekufa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulisimama nyuma ya ghala ukakataa kulia wakati wazee wanashusha kaburini tunda la yago, lile refu kama gogo ambalo kwetu huzikwa mwili usipopatikana, badala ya mwili wake.

Tovuti ilikaa hewani tangu Machi mwaka jana. Wajukuu waliisifu. Kila nilipoulizwa kama kuna mtu ameandika nilisema hapana, kimya, maana nilidhani ujumbe ukija simu italia kama inavyolia kwa meseji. Wewe mwenyewe uliniuliza mara mbili. Nilikujibu kimya.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa Winnie kuongeza jina la Mhoja, mume wa Odeta. Akauliza kwa mzaha kama wasomaji wangu wananisumbua. Nikasema hakuna aliyewahi kuandika. Akanitazama, akauliza kama barua pepe huwa naifungua. Nikatoa ile karatasi kwenye kasha. Mkunjo wake ulikuwa vilevile.

Kulikuwa na ujumbe saba, Awuor. Wote kutoka Jinja, Uganda.

Wa kwanza ni wa Juni mwaka jana. Aliyeandika anaitwa Rebeka, ni mwalimu wa shule ya msingi, na baba yake ni Oyoo. Kaka yetu alikuwa hai. Rebeka alieleza kwamba alikuwa anatafuta mahali alikozaliwa baba yake, akakuta jina lake na mwaka wa kufa. Alimsomea mzee. Anasema mzee alimwambia hilo si geni kwake, kaburi lake aliliona kwa macho. Baada ya vita, mwaka 1980, alirudi mpaka Kanyadero. Alikuta magugu na mahame. Mchungaji wa ng’ombe akamwonyesha tuta, akamwambia hapo amelala Oyoo aliyezama. Hakuvuka lango. Wewe unajua kwa nini, hatuhitaji mtu wa kutufafanulia: aliyekwisha kuzikwa haingii tena nyumbani kwa miguu yake. Alikaa nje ya boma mpaka jua likapanda, akarudi alikotoka, na hakuwahi kuvuka mpaka tena.

Lakini sasa alikuwa ameona kwamba kuna mtu wa nyumbani anayeandika, na mtu huyo ni mimi. Akamwambia binti yake aniulize jambo moja tu. Hakuuliza shamba, wala kwa nini tulimzika. Aliuliza kama mama alipata salamu zake.

Ujumbe wa pili unauliza hivyo hivyo. Wa tatu, wa Septemba, Rebeka anaomba radhi kwa kusumbua, anasema mzee kila jioni anamuuliza kama Nathaniel amejibu. Wa nne una namba ya simu. Wa tano unasema miguu imevimba na ameacha kutoka nje. Wa sita ni maneno yake mwenyewe, Rebeka ameyaandika kama alivyoyatamka: “Nathaniel, sikudai kitu. Niambie tu kama mama alipata salamu.” Wa saba ni wa Februari mwaka huu. Kaka yetu alifariki tarehe 9, akazikwa huko huko Jinja.

Winnie alifunga duka mchana kweupe, akanipa maji. Alianza kujilaumu kwamba hakunisisitiza. Nilimwambia hapana. Yeye alisema, mimi sikusikiliza.

Kama ingeishia hapo ningekupigia simu, tungelia wote, ungenisamehe uzee wangu na barua pepe yangu. Haiishii hapo. Mdogo wangu, sasa nimefika.

Salamu anazoziulizia alizituma kwa Malimi, yule mfanyabiashara Msukuma aliyekuwa akinunua samaki wakavu kwetu na kuwapeleka ng’ambo. Malimi alifika Kanyadero mwanzoni mwa Julai 1974, wiki tano kabla ya lile tunda. Alinikuta peke yangu ufukweni ninafungua nyavu. Aliniambia amemwona Oyoo Jinja, wavuvi wa huko walimwokota majini, mguu umevunjika vibaya lakini anapona, na amemtuma kwa mama: mwambieni nipo, nitakuja nikiweza kutembea. Nilimshukuru Malimi. Nikamwambia mama anaumwa, nitamfikishia mwenyewe.

Sikumfikishia. Amri ya kuhama ilikuwa imetoka, na viwanja vya kijiji kipya vilikuwa vinagawiwa kwa wenye nyumba. Kwa desturi yetu mdogo hajengi wakati mkubwa hajajenga, na mkubwa aliyepotea bila kuzikwa anahesabika yuko njiani. Wazazi wa Teodora walikuwa wamesema hawatampa binti yao mtu asiye na kiwanja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nikaenda kwa wazee nikasema kwa heshima kwamba hatuwezi kuhama tukamwacha kaka anatangatanga, tumpumzishe kwanza. Wakanisifu kwa kumpenda ndugu yangu. Mama alikataa kwa siku nne, akisema hajamwota. Nilikaa naye siku zote nne kumbembeleza akubali, nikiwa na salamu za mwanawe mdomoni.

Niliwaza Oyoo akirudi nitasema nilikosea. Kisha mpaka ukafungwa, vita vikaja, miaka ikapita, nikaanza kuamini kwamba Malimi alimfananisha. Mwaka 1991, siku mama anakata roho, aliniuliza mara ya mwisho kama hakuna habari ya Oyoo. Nilimjibu hakuna. Teodora hakujua lolote mpaka juzi nilipomwambia. Tangu hapo ananipikia, lakini haongei nami.

Nilimpigia Rebeka. Sauti yake ina kitu cha mama, namna ya kuvuta pumzi kabla ya kusema. Ananiita baba mdogo. Nilimwambia ukweli wote huu. Akasema anataka kuja na udongo wa kaburi la baba yake, auweke karibu na kaburi la bibi yake hapo Kanyadero. Anavuka mpaka pale Sirari Ijumaa tarehe 22, Jumamosi atakuwa Shirati, njiani kuja kwako, saa sita mchana. Aliniuliza kama pale nyumbani kuna mtu atakayempokea, na kama lile tunda litatolewa kwanza. Mzee Luhende wa Kanisa la huku, ambaye mama yake ni wa kwetu, anasema linaweza kufukuliwa, ila akubali yule ambaye hakuwa na mkono katika kulizika. Kati ya waliokuwepo siku ile na bado wako hai, huyo ni wewe peke yako.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Jonathan aliyekuletea barua hii atalala kwa mwinjilisti na kurudi kesho. Mwambie ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, waite vijana walichimbue lile tuta, na umpokee mtoto. Mimi nitakuja kama ukitaka nije, na nitasimama nje ya lango kwa muda utakaoona wewe. Ukisema hapana, nitakwenda Sirari kumwambia kwa mdomo wangu, ili asifike akageuka kama baba yake. Msamaha siuombi katika barua hii. Nikiuomba pamoja na hili la Rebeka nitakuwa ninakulazimisha.

Kwenye tovuti nimefuta miaka niliyoiandika mbele ya jina la Oyoo. Winnie alitaka anisaidie kuweka ya kweli, nikamwambia iandikwe na binti yake akipenda, au na wewe.

Niwasalimie majirani wote, na Paskazia anayekuchotea maji umwambie nashukuru. Ukisoma uchoke, pumzika. Usinijibu leo kwa hasira wala kwa huruma, jibu kwa ajili ya mtoto.

Ni mimi kaka yako, niliyezipokea salamu za Oyoo,

Nathaniel