Baba, Ulinisuka Nje Watu Wote Wakiona

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze maneno na mkubwa bila salamu, na leo sitaki mtu aseme nimekosa adabu. Maana nakuandikia nikiwa na hasira, na nimeamua nisisubiri zipoe. Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, na baba mdogo akitaka aisome mara mbili.

Siku ya kukuzika, wasifu wako niliuandika mwenyewe. Niliandika ulikozaliwa, niliandika jinsi ulivyotengeneza baiskeli za watu wa Bagara mpaka mgongo ukapinda, nikaandika na kwaya uliyoimba miaka yote kwa sauti ambayo hata Mungu nadhani aliivumilia tu. Halafu nikaandika hivi: mke wake alipofariki, alimsuka binti yake nywele kwa mikono yake mpaka alipomaliza darasa la saba. Baba mdogo ndiye aliyesoma. Alipofika hapo alikohoa, akairuka ile sentensi, akaenda moja kwa moja kwenye shukrani kwa majirani. Nilipomfuata jioni kumuuliza, akanishika bega akasema, "Mama Neema, mambo mengine ni ya ndani."

Ya ndani! Wakati wewe ulinisukia nje ya mlango, kando ya barabara, mimi nimekaa kwenye stuli, wewe umesimama nyuma yangu, na Bagara yote inapita kwenda kazini. Kama kuna jambo katika maisha yako halikuwa la ndani, ni hilo.

Mama alituacha mkoa wetu ukiwa bado mpya, umetoka tu kukatwa kutoka Arusha, wakati watu wakisema wanakwenda mkoani wengine walikuwa bado wanapanda basi la Arusha kwa mazoea. Nilikuwa darasa la tatu. Unakumbuka shangazi, dada yako mkubwa wa Dareda, alivyokuja msibani na wembe mpya amefunga kwenye pindo la kitenge? Alitaka ninyolewe. Shuleni kwetu msichana aliruhusiwa kunyoa au kusuka, na shangazi aliona kunyoa ndiyo njia rahisi kwa mtoto asiye na mama. Lakini kichwani nilikuwa na mistari aliyonisuka mama kabla hajalazwa. Nilikishika kichwa kwa mikono yote miwili nikapiga kelele mpaka wapishi wakaja kuona nani anauawa.

Ukasema, "Dada, muache. Nywele zake zinabaki."

"Nani atamsuka?"

"Mimi."

Wanawake walicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu msiba uanze, na nadhani wengine walikuwa wanakihitaji. Shangazi hakucheka. Alisema mbele ya wazee wa ukoo kwamba mtoto wa kike hawezi kulelewa na mwanaume peke yake, na kwamba shule zikikaribia kufungwa atakuja bila taarifa. "Nikimkuta kichwa kimemsimama kama kichaa, naondoka naye Dareda. Na hatutabishana." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na nilisikia kila neno. Tangu siku ile nilijua kwamba kukaa na wewe au kutokukaa kunategemea nywele zangu.

Watoto wa siku hizi nikiwaeleza habari ya mtindo wa wiki wanashangaa, kwa sababu wengi wao wananyolewa tu. Kila Ijumaa mwalimu wa zamu alitangaza mtindo wa wiki inayofuata, na Jumatatu wasichana wote waliosuka walipaswa kufanana mstarini. Wiki yangu ya kwanza baada ya matanga ulitangazwa mtindo wa twende kilioni, mistari ya kulala tu kutoka usoni kwenda kisogoni, ile wanayosukana wanawake haraka haraka wakisikia kuna msiba. Mtindo rahisi kuliko yote. Hata mtoto mdogo anausuka.

Wewe ukauanzia kisogoni.

Ulifumua ya mama taratibu sana, nywele zilizotoka kwenye chanuo ukaziviringisha ukazitia mfukoni mwa shati. Halafu ukanipaka mafuta ya mgando kama unapaka cheni grisi, ukaanza kusuka kutoka nyuma kuja mbele. Nilikuambia, "Baba, siyo hivyo." Ukanijibu kwamba kazi huanzia nyuma, kwenye tairi linalobeba mzigo. Ningebishana nawe vipi? Jumatatu nilisimama mstarini ncha zote zimeniangukia machoni. Mwalimu wa zamu alinizungusha, akaniuliza, "Paulina, umesukwa na nani?" Nikasema baba. Shule nzima ikaangua kicheko. Akanirudisha nyumbani, nije kesho yake nimesukwa vizuri au nimenyolewa.

Nilikukuta bandani unaziba pancha. Hukuniuliza ninalia nini, uliona mwenyewe. Ulifunga banda mchana kweupe, mteja anakuangalia, ukanishika mkono tukavuka barabara kwenda dukani kwa mama Swaumu. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake wanachambua mchele. Ukasimama mbele yao na ovaroli lako, ukasema, "Mama Swaumu, naomba unifundishe kusuka."

Sitasahau alivyokuangalia mikono. "Kanawe kwanza, fundi. Mpaka viwikoni. Hiyo grisi huniletei kwenye kichwa cha mtoto."

Ulinawa kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akakukalisha kwenye mkeka, akamwita Swaumu, mwenzangu wa darasa moja, akawa kichwa cha kujifunzia. Swaumu alilia kwamba unamvuta. Mama yake akamwambia, "Vumilia. Mwenzio hana mama, wewe unaye." Mimi nilikuwa pembeni nakula karanga za dukani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona kitu kinachofanana na matumaini.

Baada ya hapo ukawa kama mtu aliyerogwa. Ulikata vipande vya mpira wa tyubu, ukavifunga kwenye keria ya baiskeli mbovu, na kila ukikosa mteja unasuka. Watu waliokuja na baiskeli waliona mipira iliyosukwa imening'inia, wakadhani ni ya kufungia mizigo, wakaitaka. Ukachukua spoku ya gurudumu iliyonyooka, ukaisugua ncha kwa tupa mpaka ikawa butu, ikawa ya kuchorea njia kichwani. Mtindo wa Kilimanjaro ulipotangazwa, ule ambao mistari yote inapanda kukutana utosini, mama Swaumu alikuja kutuonea huruma akakuta umemaliza. Ulimwambia kichwa ni ringi tu, njia zote zinakwenda kwenye habu, pale katikati. Tangu siku hiyo hakukufundisha tena. Alianza kukuletea Swaumu.

Lakini kinachonifanya nikuandikie hasa ni zile asubuhi. Jumapili jioni ulisuka, sawa, ila mimi nililala vibaya, na nilicheza vibaya zaidi, na katikati ya wiki mistari ya mbele ilikuwa imesimama. Tulikuwa na muda wa uji kuchemka, basi, kwa sababu nilitakiwa kuwahi namba ya asubuhi shuleni. Ukagundua hakuna haja ya kufumua kichwa kizima. Unafumua ya mbele tu, unapitisha maji kidogo na mafuta, unarudia ile inayoonekana. Nywele zikiwa ndefu mwalimu akaruhusu mabutu, unagawa kwa spoku, unaviringisha, unafunga kwa uzi mweusi, kabla uji haujamwagika. Mwezi wa saba baridi ya mlima Kwaraa ilitufanya wote tutetemeke, na vidole vyako vilikuwa baridi shingoni mwangu, na nilikuwa nalalamika. Sasa hivi ningetoa chochote nilalamike tena.

Na watu walipita. Yule jamaa wa Singe aliyekuwa anabeba maziwa kwa baiskeli hakukosa hata siku moja. "Fundi, umefungua saluni? Na mimi unisuke!"

"Kaa foleni," ulimjibu bila kuinua kichwa.

Wengine hawakutania. Walisema mwanaume mzima, ametekwa na kitoto, mke mwingine hatapata. Mzee mmoja wa kanisani alikuja kukushauri angalau uingie ndani ufunge mlango. Ulimjibu kwa heshima zote, "Mzee, ndani hakuna mwanga." Ilikuwa kweli. Nyumba yetu ilikuwa na kadirisha kamoja na koroboi.

Shangazi alikuja kama alivyoahidi. Alishuka kwenye basi la kwanza la Dareda na begi tupu, la kubebea nguo zangu, akatukuta hapo nje na stuli yetu. Nilimwamkia kwa sauti ndogo. Wewe ulisema, "Shikamoo dada," mikono ikiwa kichwani kwangu.

"Marahaba. Ingieni ndani, mnanitia aibu."

"Ndani hakuna mwanga, dada. Namalizia."

Alisimama palepale na begi lake. Ulipofunga mstari wa mwisho alikuja akaniinamisha, akanipekua kama anatafuta chawa. Akapita kila njia kwa kidole. Nyuma ya sikio la kushoto akasimama. "Huu umepinda."

"Umepinda," ulisema. "Lakini haufumuki. Uvute."

Akauvuta, baba! Alivuta mpaka machozi yakanitoka, nami niliuma meno kwa sababu nilijua nikisema "ai" nimekwenda Dareda. Haukufumuka. Shangazi akanyooka, akaniangalia, akakuangalia. Akasema nangoja nini, watoto wenzangu wameshakwenda. Nilikimbia sijaaga. Niliporudi mchana nilikuta amekwishaondoka na begi lake, mama Swaumu amemjazia mchele. Hakuja tena kunichukua.

Kisha tukaingiza umeme. Taa ilikuwa ndefu, nyeupe, mpaka nzi ukutani anaonekana miguu. Asubuhi ya kwanza nilibeba stuli nikaiweka katikati ya chumba, chini ya taa, nikakaa nikakusubiri. Ulikuja na spoku yako. Ulinyanyua stuli ukaitoa nje, ukaiweka pale pale pa siku zote.

"Baba, mwanga upo."

"Naujua," ulisema. "Kaa."

Ndiyo maana nilishindwa kula siku ile ya mazishi. Ulikataa kuingia ndani ukiwa hai, na taa ikiwaka, halafu wao wanakuingiza ukiwa umekufa na huwezi kubisha.

Sasa nikueleze ya huku. Tumehamia Nangara. Mimi natoka alfajiri kwenda stendi na chai na maandazi, kwa hiyo mjukuu wako Neema anaandaliwa na baba yake. Shule yake wanaruhusu kusuka, na nilimpa mume wangu ile spoku yako, nikamfundisha kama mama Swaumu alivyokufundisha, na kunawa mpaka viwikoni nilimlazimisha, huku nikimsimulia asubuhi zetu zote. Anasuka vizuri. Mistari yake imenyooka kuliko yako, unisamehe. Ila alikuwa anafunga mlango na kushusha pazia. Mama mkwe wangu akibisha hodi anaficha chanuo chini ya mto. Nilimwacha, nikijiambia kila mtu na moyo wake. Lakini baada ya mazishi yako kila nikilifikiria lile pazia, nasikia kikohozi cha baba mdogo.

Jumatatu iliyopita sikwenda stendi. Nilimkuta mume wangu sebuleni na Neema, pazia chini. Nilimnyanyua mtoto kwenye stuli, nikabeba stuli, nikaitoa nje nikaiweka kando ya barabara. Neema akanifuata akakaa. Baba yake akasimama mlangoni na spoku mkononi.

"Mama Neema, watu watatuona."

"Waone."

Alikaa mlangoni muda mrefu, na mtoto anachelewa namba, na mimi nilijiambia nikimsuka mimi leo nimekuzika mara ya pili. Nilikunja mikono. Hatimaye akatoka. Akaanza, kichwa ameinamisha, anasuka kama mtu anayeiba. Watu wakapita. Mmoja akapiga mluzi. Na nani akatokea kwenye kona, na baiskeli uliyomtengenezea wewe? Baba mdogo, anakuja tuzungumze saruji ya kaburi lako. Akashuka. Aliangalia stuli, akaangalia spoku, na nadhani aliijua. Nilimwamkia kwa heshima, sikumkosea.

Akakohoa. Akasema, "Wanangu, si muingie ndani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nilikuwa na ya kumwambia ya mwezi mzima. Mume wangu akaniwahi. Hakuinua kichwa, na mikono yake haikusimama.

"Shikamoo baba," alisema. "Ndani hakuna mwanga."

Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na taa zote za sebuleni zilikuwa zinawaka.

Lala, baba. Nywele zangu hazijafumuka.

Ni mimi, binti yako wa kwenye stuli.