Cha Mwisho Kushuka, cha Kwanza Kupanda

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya karakana ya matairi.
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikukute mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Kile kifua kimepoa? Jifunike, baridi ya huko haina undugu na mtu. Sisi hatujambo. Mama bado anagombana na goti lake, na goti ndilo linaloshinda, ila ulimi wake hauumwi hata kidogo. Shemeji yako anakoroma kama kawaida. Mimi na cherehani yangu tunasukumana.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma, nikaitia chini ya mto, nikaitoa nikaisoma tena, labda maneno yangekuwa yamelainika. Wapi! Unataka binti yako, huyu ninayeishi naye hapa, aache kazi ya ghalani kabla mwezi huu haujaisha, na umeandika kwa wino mzito: "Sikumsomesha ili awe kuli kama babu yake." Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mdogo wangu. Neno hilo liliniuma. Nimelimeza, sasa na wewe nisikilize.

Kwanza, hujui anachofanya. Yeye ndiye anayepanga mizigo: kipi kiingie lori lipi, kikae wapi, kishuke wapi. Wewe ukiona lori barabarani unaona moshi tu. Mimi fundi wa nguo, uzi ukichelewa siku mbili nakaa mlangoni nahesabu wapita njia. Hiyo chumvi unayotia mezani kwako, kuna mtu aliipakia, na kuna mtu aliyeamua ikae juu ya nini isilowe.

Sasa nikupe habari yenyewe. Wiki tatu zilizopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Lori la asubuhi lilikuwa limeshapakiwa: unga wa soko la bondeni, vitabu vya shule, na mitungi ya oksijeni ya hospitali ya mlimani. Hospitali ndiyo kituo cha mwisho, kwa hiyo mitungi ilikuwa imepanda kwanza, iko ndani kabisa karibu na kichwa cha gari. Unaikumbuka kanuni ya baba? Cha mwisho kushuka, cha kwanza kupanda. Aliiimba nyumba nzima, hata mama akipanga vyombo kabatini.

Turubai limefungwa, dereva ameshawasha gari, simu ikalia: daraja limekwenda na maji. Ikabidi wazunguke kwa barabara ya nyuma, ile inayotokea mlimani kwanza. Meneja akasema haya, ondokeni, hospitali wanapiga simu kila baada ya dakika kumi, mitungi waliyobaki nayo haitadumu mpaka jioni.

Binti yako akasimama mbele ya lori. Mbele hasa, mdogo wangu, bampa linamgusa magoti. Akamweleza meneja kwamba ukizunguka kwa nyuma, hospitali ndiyo inakuwa ya kwanza, na mitungi iko nyuma ya tani za unga. Wakifika kule, watashusha kila kitu matopeni kwenye mvua ndipo waifikie. Akataka lori lishushwe lote na kupakiwa upya.

Dereva wanamwita Gia Tano, na jina hilo hakuliokota. Alipandisha mori, akauliza kama huyu mtoto anajua kwamba kuna watu wanakata pumzi. Meneja naye alikuwa ameshamwamuru apishe. Hapo ndipo binti yako aliposema, na sauti hakuipandisha:

"Najua. Saa moja tukiitumia hapa, tunaokoa tatu kule. Gari haliondoki hivi."

Kisha mpakiaji mmoja mkongwe, aliyebeba magunia pamoja na baba, akaanza kufungua kamba ya turubai bila kuambiwa na mtu. Akawaambia wenzake, "Huyu ni mjukuu wa Profesa. Shusheni."

Profesa! Hukujua, eh? Ndivyo walivyomwita baba ghalani, yeye ambaye darasa la nne hakulimaliza. Madereva walikuwa wanamsubiri yeye awapangie mzigo, hata kama kuna makarani kumi na kalamu zao masikioni. Mimi mwenyewe nilijua siku hiyo, nikalia mbele ya mteja aliyekuja kupima sketi.

Walipakia upya kwa dakika hamsini, meneja mwenyewe kavua koti anabeba. Gia Tano alipofika kule, alikuta umebaki mtungi mmoja. Akafungua mlango, na mitungi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumtazama. Dakika nane, yote imeshaingia wodini. Unga haukulowa, vitabu havikulowa. Aliporudi kesho yake alikuja mpaka hapa nyumbani, kofia mkononi, akamwambia mama kwamba tangu leo hatoi gari bila binti huyu kulikagua. Mama akamjibu kwamba yeye alishajua zamani, akae ale.

Tangu mwezi huu binti yako ndiye msimamizi wa upakiaji wote. Wanaume wenye mvi wanamsikiliza. Nikipita pale barabarani natembea polepole makusudi, ili mtu aniulize, yule binti wa kalamu ni nani wako? Kichwa kimenivimba, sikatai.

Pamoja na barua hii kuna boksi. Amelipanga yeye. Juu kabisa kuna sweta la wifi, kisha nguo za watoto nilizoshona, kisha dawa ya kifua aliyokuagizia mama. Chini kabisa kuna ile ngozi ya begani ya baba, aliyokuwa anaweka chini ya gunia. Ile uliyoificha nyuma ya makaa wenzako wa shule walipokuja kukutembelea. Baba alibeba siku tatu bila ngozi, akarudi bega limechunika. Mimi nilitaka kukusema, naye akanikataza: "Mwache. Ni mtoto, atakuwa." Binti yako hajui habari hiyo, na kwangu hataipata. Aliikuta kwenye droo ya cherehani, akaomba tu ikufikie.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, mwambie yule wa mwisho shangazi yake anamdai picha. Mama anakusalimia, shemeji yako pia, na Gia Tano ambaye hamjuani kasema na yeye upokee salamu zake. Mungu akulinde, akunyooshee kila njia unayoikanyaga.

Mwandikie mwanao mwenyewe, usipitie kwangu. Ukimwambia aache, ataacha siku hiyohiyo, ndivyo tulivyomlea. Ndiyo maana nakuomba usimwambie. Nilimuuliza kwa nini hiyo ngozi ameipakia kwanza kabla ya vitu vyote. Akasema, "Baba ataifikia mwisho, shangazi, akiwa ameshakaa chini."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponiudhi,

Fundi wa geti la bluu, binti Profesa.