Vidonge vya Mama Mkubwa

Jumatatu, 2 Desemba 2024
Mama hajalala tena. Wiki ya tatu sasa. Ukungu umefunika kijiji chote cha Mtae, mimi nimejifunika mablanketi mawili, yeye kafungua dirisha — eti joto! Kulipokucha alikuwa ameshafua na kupalilia kabichi. Wanakwaya wenzake wanamsifu. Mama Paskalina kamwambia, "Dorkasi, umekuwa msichana! Unakunywa nini, mwenzetu?" Mama akacheka. Kikombe kilikuwa kinatetemeka mkononi.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimejua anachokunywa. Vidonge vya mama mkubwa Yusta, wa Magoma! Mama mkubwa alipasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, tezi yote ikatolewa. Vile vidonge ni homoni ya kujazia pengo. Mama naye ana karovu kadogo, basi wamegawana, kama wanavyogawana mbegu za maharage. "Rovu ni rovu tu," kanijibu. Lakini tezi yake bado ipo, inafanya kazi. Anaongeza juu ya iliyopo! Tulisoma kidato cha tatu: homoni hiyo ikizidi moyo unakimbia, usingizi unakatika. Nilitaka kumwambia hayo yote. Nikasema tu, "Chai tayari, Mama."

Jumamosi, 7 Desemba
Nimemwambia Baba. Akauliza udaktari nimeusomea wapi, na matokeo ya form four yenyewe hayajatoka. Mama alisikia. Kasema namchongea dada yake. Halafu akameza viwili mbele yangu — eti kama bado hapati usingizi, basi kimoja hakimtoshi.

Viwili!

Jumapili, 8 Desemba
Zahanati. Naandika kwenye benchi.

Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Mama akashika kifua, akakaa chini polepole. Midomo ya kijivu. Wakaanza kumwombea. Baba kamleta kwa bodaboda, mimi nimekimbia nyuma kwa miguu.

Daktari kauliza anatumia dawa gani. Baba kajibu, "Hakuna." Hakunitazama. Baadaye akaninong'oneza: tukisema, mama mkubwa atapata kesi kwa kumgawia dawa zake.

Pale ndani namsikia Mama anavyohema.

Daktari karudi mlangoni. Anasema mapigo yanazidi kupanda, na hawezi kumchoma sindano yoyote bila kujua alichokunywa. Anauliza: nani mwingine anaishi naye nyumbani?

Baba kanikanyaga mguu.

Nasimama nimwambie daktari —